Vita vya Babu Zetu Viandikiwe Vijana

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu la shule, niseme maneno machache juu ya aina moja ya vitabu ambayo ni haba sana mikononi mwa vijana wetu hapa Uganda. Sina maana ya vitabu vya historia vya darasani. Hivyo wanavyo, na mtihani huwalazimisha kuvisoma. Nina maana ya hadithi za kale zilizoandikwa kwa ajili ya vijana: mtoto fulani, nyumba fulani, siku fulani ya vita au ya njaa; mambo aliyoyabuni mwandishi, lakini yamesimama juu ya mambo yaliyotokea kweli.

Shauri langu nalisema mapema, ili msomaji asinifuate gizani. Hadithi hizi ziandikwe, wala zisiwe za vita vyetu na Wazungu peke yake. Ziwe pia za vita vyetu sisi kwa sisi, maana ndivyo ambavyo bado vinatuuma. Tena ziandikwe kwa namna ambayo kijana wa upande huu na kijana wa upande ule waweza kusoma kitabu kimoja kwenye dawati moja, pasipo mmoja kuinamisha kichwa wala mwingine kukunja ngumi.

Najua nitakavyojibiwa. Wazee watasema: Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Methali hii ni ya hekima, nami siipingi. Lakini yafaa tuitazame vizuri. Yaliyopita si ndwele kwa mtu aliyekwisha kupona. Mtu mwenye kidonda kilichofunikwa kwa kitambaa aweza kukwambia kuwa ni cha zamani, lakini ukimgusa hushtuka. Basi tusiulize kama jambo limepita. Tuulize kama likiguswa mtu hushtuka.

Mimi nilipotoka shuleni hapa nilifanya kazi ya kufundisha historia kwa miaka mingi, nami naliona jambo ambalo walimu wenzangu pia walilijua. Ukifundisha habari za Warumi au za Napoleon, wanafunzi husema "wao": walipigana, walishinda, walikimbia. Lakini ukifika kwenye vita vya Buganda na Bunyoro, mara neno "wao" hupotea. Mmoja husema, "Tuliwapiga." Mwenziwe hujibu, "Mlikuja nyuma ya bunduki za Wazungu." Vijana hawa wamezaliwa miaka mingi sana baada ya vita ile kwisha. Hakuna aliyepiga wala aliyepigwa. Hata hivyo mmoja anajisifu kwa ushindi asioupata, na mwingine anaona uchungu wa kushindwa kusikokuwa kwake. Je, hiyo si ndwele?

Kwa wale waliosahau, nakumbusha kwa ufupi. Kabalega alishika utawala wa Bunyoro karibu na mwaka 1870. Alijenga jeshi lake, abarusura, akanunua bunduki kwa pembe za ndovu kutoka kwa wafanya biashara wa pwani na wengineo. Mwaka 1872 alipambana na Samuel Baker pale Masindi, na Baker akalazimika kuondoka. Mwishoni mwa mwaka 1893 Kanali Colvile aliingia Bunyoro na askari wa Kisudani, pamoja na maelfu ya askari wa Buganda. Nchi iliharibiwa vibaya, na ardhi iliyo kusini ya mto Kafu ikatolewa kwa Buganda, ikithibitishwa katika Mapatano ya mwaka 1900. Makaburi mengi ya wafalme wa Bunyoro yakabaki katika nchi hiyo iliyotolewa. Mwaka 1907 Wanyoro waliwakataa watawala wa Kiganda waliowekwa juu yao. Jambo hilo laitwa Nyangire. Wanyoro waliendelea kudai ardhi yao mpaka kura ya tarehe 4 Novemba 1964, ambapo watu wa Buyaga na Bugangaizi walichagua kurudi Bunyoro.

Mwanafunzi aweza kuyakariri haya yote na kupata alama nzuri, na bado akatoka chumbani akisema "tuliwapiga". Kwa nini? Kwa sababu orodha ya tarehe haina nyuso. Imejaa majina ya mataifa: Waganda walifanya hivi, Wanyoro walifanywa vile. Kijana akisoma jina la taifa lake hujiingiza mwenyewe ndani yake, kama mtu avaaye kanzu ya babu yake. Hadithi hufanya kinyume. Humwonyesha mtu mmoja mwenye njaa, mwenye woga, mwenye mama. Na msomaji humfuata mtu huyo kabla hajauliza ni wa kabila gani.

Tena mambo yalivyokuwa kweli hayafuati mipaka tunayoichora leo. Nitatoa mfano mmoja tu. Mwaka 1897 Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliwaasi Waingereza akashindwa. Baadaye alikwenda kujiunga na nani? Na Kabalega, adui wa nyumba yake tangu zamani. Wakakimbilia kaskazini, nchi ya Lango, na huko, tarehe 9 Aprili 1899, wote wawili walikamatwa pamoja. Miongoni mwa waliowakamata walikuwamo Waganda wa Semei Kakungulu. Basi mwenye kusema "tulimkamata Kabalega" yampasa aseme pia "tulimkamata Kabaka wetu". Na mwenye kusema "walimwinda mfalme wetu" hana budi kukumbuka ya kuwa aliyekuwa pamoja na mfalme wake saa ile ya mwisho alikuwa Kabaka wa Buganda.

Wakapelekwa Kismayu, kisha visiwa vya Shelisheli. Mwanga alikufa huko mwaka 1903. Kabalega alikaa ugenini zaidi ya miaka 20, na aliporuhusiwa kurudi alifariki Jinja mwaka 1923, kabla hajafika kwao; akazikwa Mparo karibu na Hoima. Kisiwani humo humo alikuwapo Prempeh, mfalme wa Asante kutoka Afrika ya Magharibi, naye mfungwa wa Waingereza.

Sasa fikirini, ndugu zangu wanafunzi. Wafalme hawasafiri peke yao. Hapana shaka palikuwa na vijana wa kuchukua maji, wa kutandika mkeka, wa kuwasha moto. Mwandishi akichukua vijana wawili wa namna hiyo, mmoja wa Mwanga na mmoja wa Kabalega, akawalaza chini ya mti mmoja katika majani ya Lango, wakaogopa sauti ile ile usiku, amekwisha kupata kitabu. Vijana hao hatuwajui; lazima abuniwe kila mmoja wao. Lakini mti ule, mvua ile, na asubuhi ile ya Aprili havikubuniwa.

Watu wengine waliopigana wao kwa wao wamekwisha kuipitia njia hii, nao waweza kutufundisha. Nitasema juu ya Waskoti. Mwaka 1745 wengi katika watu wa milimani kwao walisimama na mwana wa ukoo wa Stuart aliyedai kiti cha ufalme. Wengine, pamoja na ukoo wa Campbell, walisimama na Mfalme George. Vita vikaisha kwenye uwanja wa Culloden mwaka 1746, na baadaye watu wa milimani waliadhibiwa vikali. Mwaka 1752 mtu mmoja wa ukoo wa Campbell, msimamizi wa ardhi zilizonyang'anywa, alipigwa risasi na mtu asiyejulikana. Akakamatwa James Stewart. Kesi ikasikilizwa na wazee wa baraza 15, na 11 kati yao walikuwa wa ukoo wa Campbell. James akanyongwa. Ugomvi wa namna hii mwaujua. Hauna haja ya kufasiriwa.

Mwaka 1814 Walter Scott alitoa kitabu chake Waverley juu ya vita vya 1745. Hakumfanya mwana wa mfalme kuwa shujaa wa hadithi. Alimweka kijana mmoja wa Kiingereza, aliyembuni mwenyewe, mwenye kuingia upande mmoja na kisha kuuona na upande wa pili. Mwaka 1886 Robert Louis Stevenson akaandika Kidnapped, na hadithi hiyo ilitoka kwanza sehemu kwa sehemu katika gazeti la vijana. Ndani yake kuna kijana David Balfour, mtu wa Mfalme George, na Alan Breck, mtu wa upande ulioshindwa. Wanasafiri pamoja milimani, wakiwindwa kwa ajili ya mauaji yale yale ya Campbell. Wanaokoana, wanagombana karibu kuuana, kisha wanapatana. Jambo ninalolipenda ni hili: mpaka mwisho wa kitabu hakuna hata mmoja aliyemgeuza mwenzake. David abaki wa mfalme wake, na Alan wa mfalme wake. Walichopata ni urafiki, nao haukuwataka wafanane.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwa ajili yetu. Sitaki hadithi ya Mganda anayetubu mbele ya Mnyoro, wala ya Mnyoro anayesamehe kwa machozi katika ukurasa wa mwisho. Vijana wana akili. Wakiona hotuba imevalishwa nguo za hadithi, huitupa. Nataka hadithi ambayo kila mmoja ana sababu zake, nasi tunazielewa sababu zote mbili hata zikitusumbua.

Wengine watauliza: Je, kuchanganya kweli na mambo ya kubuni si kuwadanganya watoto? Swali hili ni la haki, na halitoshi kulijibu kwa kucheka. Mwaka 1954 mwandishi wa Kiingereza, Rosemary Sutcliff, alitoa kitabu kinachopendwa sana na vijana, The Eagle of the Ninth. Chasimulia habari za Marcus, kijana wa Kirumi, pamoja na Esca, Mwingereza wa kale aliyekuwa mtumwa wake akamwacha huru. Wanakwenda kaskazini mwa Uingereza kutafuta sanamu ya tai, bendera ya jeshi la tisa la Kirumi, ambalo lilisemekana kupotea huko lote. Sutcliff alijenga juu ya mambo mawili: habari ya kupotea kwa jeshi hilo, na tai wa shaba asiye na mabawa aliyechimbuliwa Silchester mwaka 1866.

Lakini maarifa hayasimami mahali pamoja. Vigae vyenye muhuri wa jeshi hilo vimeonekana Nijmegen, Uholanzi, na wataalamu wengi sasa husema kwamba huenda jeshi liliondoka Uingereza, halikuangamia huko. Na tai wa Silchester wamwona kuwa alikuwa kipande cha sanamu tu, si bendera ya jeshi. Basi msingi wa kitabu umetikisika. Je, kitabu kimeanguka? Kwangu mimi hakikuanguka, kwa sababu moyo wake ni Mrumi na mtu wa taifa lililotawaliwa na Warumi kujifunza kuaminiana njiani, na jambo hilo halikutegemea vigae. Lakini mtoto aliyekisoma akidhani ni historia tupu amepotoshwa kidogo. Kwa hiyo nasema kila hadithi ya kale ya vijana iwe na ukurasa mmoja mwishoni, mwandishi aseme waziwazi: haya ni ya kweli, haya nimeyabuni, na hapa wataalamu wanabishana. Mtoto hakasiriki kuambiwa hivyo. Mara nyingi ukurasa huo ndio humpeleka kwenye vitabu vya historia kwa hiari yake.

Nasi wasomaji wa Kiswahili hatuanzi bure. James Mbotela, aliyetoka katika jamii ya watumwa walioachwa huru huko Freretown karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na kitabu kile kilisomwa na wanafunzi wengi. Kimelaumiwa kwa sababu chawasifu mno Waingereza waliowakomboa watumwa, na lawama hiyo naikubali. Lakini kimehifadhi habari za watu wadogo ambao vitabu vya watawala vingewapita. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa mchezo wake Kinjeketile, juu ya vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Naye alieleza mapema kwamba Kinjeketile wa mchezo si yule mtu mwenyewe wa historia, bali ametokana na fikira zake. Huo ndio uaminifu ninaousema. Adam Shafi katika Kuli, kilichotoka mwaka 1979, aliusimulia mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948 kwa kumfuata kijana mchukuzi. Na M. M. Mulokozi amewaandikia vijana hadithi za vita vya Mkwawa na Wajerumani, mojawapo ikiwa Ngome ya Mianzi.

Vitabu hivi nawasihi mvisome. Lakini angalieni: katika vingi vya namna hii adui ametoka mbali. Ni Mjerumani, ni Mwingereza, au ni tajiri. Vita na mgeni ni rahisi kuviandika, kwa sababu mjukuu wa mgeni hakai dawatini pamoja nasi. Kazi ngumu ni kuandika juu ya siku ambayo babu wa jirani alichoma ghala la babu yako, au babu yako alichoma la jirani. Kazi hiyo ndiyo iliyotubakia.

Basi iandikweje? Nina mashauri manne. La kwanza, shujaa awe mtu mdogo. Achukuliwe mpagazi aliyebeba masanduku ya risasi za bombomu bila kuambiwa zaenda kumpiga nani. Au achukuliwe msichana wa Kibiro, pale kando ya Ziwa Albert. Huko wanawake hukwangua udongo wa chumvi, hupitisha maji, hupika maji yale mpaka chumvi ibaki, na mashamba ya chumvi hurithiwa na wanawake. Chumvi ile iliuzwa mbali, kwa rafiki na kwa adui. Siku vita vinapofunga njia za biashara, mama yake msichana huyo atamuuzia nani? Katika swali hilo dogo msomaji ataona vita vyote.

La pili, wafalme wapite kwa mbali. Stevenson alijipa uhuru mkubwa kuliko huu, maana Alan Breck alikuwa mtu kweli. Lakini hapa kwetu wajukuu wa wakubwa wale wako hai, na viti vyao vyaheshimiwa. Mwandishi akimtia Kabalega au Mwanga maneno mengi kinywani, kitabu kitapelekwa kwenye baraza kabla hakijafika darasani. Msomaji aone vumbi la msafara wa mfalme, asikie ngoma yake, yatosha.

La tatu, kila upande uwe na mtu mwema na mtu mbaya. Tena mtu mbaya wa kwanza mwandishi amtafute upande wa kwao. Hili ni gumu kuliko yote, nalo ndilo litakaloonyesha kama anaandika hadithi au anashtaki kesi.

La nne nimekwisha kulitaja, ni ule ukurasa wa mwisho wa kutenga kweli na mambo ya kubuni. Kwa kazi hiyo asome vitabu vya pande zote. Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, aliandika kwa Kiganda habari za wafalme wa Buganda, kitabu kikatoka mwaka 1901. John Nyakatura aliandika kwa Kinyoro habari za wafalme wa Bunyoro, kitabu kikatoka mwaka 1947. Kila mmoja alisimama nyumbani kwake akatazama nje. Mwenye kusoma kimoja tu ameona mlango mmoja wa nyumba.

Limebaki neno juu ya lugha. Wako watakaouliza kwa nini hadithi hizi ziandikwe kwa Kiswahili, hali Mganda ana Kiganda chake na Mnyoro ana Kinyoro chake. Mimi sikatazi mtu kuandika kwa lugha ya mama yake; na aandike. Lakini hadithi ya ugomvi ikiandikwa kwa Kiganda, Mnyoro ataisoma kama mgeni aliyekaribishwa kwa mashaka. Na ikiandikwa kwa Kinyoro, Mganda ataisoma vivyo hivyo. Kiswahili si cha mmoja wao. Sisemi kwamba mikono yake ni safi. Kiliingia nchi hii na misafara ya pembe na bunduki, baadaye kikawa lugha ya askari, na wako wazee ambao mpaka leo wakikisikia hukumbuka usiku wa kugongewa mlango. Hayo nayo yafaa yaandikwe. Lakini kwa ugomvi huu wa Buganda na Bunyoro, Kiswahili ni kama uwanja wa mpira uliopangishwa mjini: si wa timu hii wala ile, na wote wajua mistari yake. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu imekitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Tusikiache kiwe cha mtihani tu. Tukipe kazi ya kufanya.

Namalizia kwa ombi, ili maneno yangu yasiwe ya hewani. Naomba kurasa hizi za Kiswahili zitoe hadithi moja ya kale katika kila toleo, na kila hadithi iandikwe na wanafunzi wawili waliotoka pande mbili ambazo zamani zilipigana. Si lazima ziwe Buganda na Bunyoro tu. Pande za namna hiyo ni nyingi, na kila mwanafunzi azijua za kwao. Likizo ikifika kila mmoja amwendee mzee wa kwao, amsikilize bila kumkatiza, aandike asemayo. Wakirudi shuleni waketi pamoja na daftari zao mbili, wabishane mpaka wachoke, kisha waandike hadithi moja, si mbili. Mahali watakaposhindwa kupatana, wasilazimishe. Waseme hivyo katika ukurasa wa mwisho.

Na kwa wanafunzi wa zamani wenzangu nina neno moja. Wengi wetu tuna majumbani vitabu vya Kagwa na Nyakatura vilivyorithiwa, na barua, na picha za wazee waliovaa nishani ambazo hatuwaelezi watoto zilipatikana wapi. Tuvilete katika maktaba ya shule vijana wavitumie. Na yule kijana atakapotujia wakati wa likizo na kalamu yake, akauliza babu yetu alikuwa wapi mwaka 1894, tusimfukuze kwa methali. Tumpe kiti, tumweleze yote tuyajuayo, hata yale yasiyotupendeza.

Ndimi,
Mwanafunzi wa zamani